Daftari la Mwezi wa Mei

Juma hili ningependa tuzungumze juu ya mji ambao wengi wetu tunaujua kwa mwezi mmoja au miwili tu ya mwaka. Mji wenyewe ni Malindi.

Ukiutaja mji huo ukiwa Nairobi au Mombasa, mwenzako atakumbuka Krismasi na Mwaka Mpya: hoteli zimejaa, tuktuk zinagombania abiria, na Kiitaliano kinasikika sokoni utadhani ni lugha ya wenyeji. Mimi nami sina la kujitetea. Kwa miaka mingi nimekwenda huko kila Desemba na kinasa sauti changu, nikamhoji meneja mmoja au wawili, nikarudi studioni na kukuarifu kwamba msimu ni mzuri, au kwamba msimu ni mbaya. Baada ya hapo sikuutaja tena mji huo hadi Desemba iliyofuata.

Safari iliyonifungua macho haikuwa ya kazi. Nilikwenda Malindi mwezi wa Mei kuzika rafiki. Asubuhi baada ya matanga, mvua ikinyesha, niliketi katika kibanda kimoja mtaa wa Maweni kunywa chai kwa mahamri na mbaazi. Mwenye kibanda ni mama wa makamo. Kando ya beseni lake la mahamri palikuwa na daftari la shule lililochakaa, na kila mteja aliyeinuka alisema neno moja: "Mama, niandikie."

Nilimuuliza lile daftari ni la nini. Akacheka. "Mwanangu, hili Desemba huwa halina kazi. Mtu anakula, analipa, na chenji ananiachia. Likifika Mei ndipo linapojaa."

"Na hulipwa lini, mama?"

"Hoteli zikifunguliwa. Wale wenye kuitwa tena kazini wanalipa. Asiyeitwa, nitamfanya nini? Ni mwana wa jirani."

Katika daftari lile, msikilizaji, mlikuwa na weita, mna mpishi, mna dobi, mna kijana wa ufukweni anayeuza vinyago, na mna dereva wa tuktuk ambaye hajawahi kuajiriwa na hoteli lakini abiria wake ni walewale waajiriwa wa hoteli. Hoteli ikifunga lango lake baada ya Pasaka, haifungi vyumba vyake peke yake.

Labda utauliza, kwa nini wafunge? Jibu ni upepo. Pwani yetu ina misimu miwili mikuu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Bahari hutulia, jua huwaka, na kwa Wazungu hicho ni kipindi cha baridi kali wanachokikimbia. Kisha huja kusi, pamoja na mvua za masika za Aprili na Mei. Mawimbi hukasirika, mwani hurundikana ufukweni, na mgeni aliyelipia jua haji kutazama mvua. Agosti wageni hurudi kidogo, maana ndio mwezi wa likizo huko Italia, lakini msimu hasa hungoja kaskazi.

Jambo hili si geni. Karne nyingi kabla ya hoteli, majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakaondoka na kusi. Hata Vasco da Gama, ambaye nguzo yake wageni hupelekwa kuipiga picha, alifika Malindi mwaka 1498 na kuondoka mwezi huohuo wa Aprili, akasukumwa na upepo hadi Bara Hindi. Kwa hivyo Malindi ni mji uliozoea kuagana na wageni.

Tofauti ni hii. Hoteli za kwanza za ufukweni zilianza miaka ya 1930. Kabla ya hapo, katika karne ya 19, Malindi ilisifika kwa nafaka. Mtama, mahindi na simsim vilisafirishwa kutoka hapo kwenda ng'ambo. Sisahau kwamba mashamba yale yalilimwa kwa jasho la watumwa, na hilo si la kujivunia. Nasema tu kwamba mji ulikuwa na kitu chake, mgeni awepo asiwepo. Leo sehemu kubwa ya mji inaishi kwa mgeni, na mgeni ana tarehe yake ya kuondoka.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyomwangukia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kusi likivuma, hoteli inamwambia akapumzike bila malipo. Akisema ajaribu uvuvi, ni upepo uleule unaowazuia wenye mitumbwi na vyombo vidogo kutoka nje ya mwamba. Samaki anaadimika na bei inapanda. Akisema arudi kijijini kulima, masika ni wakati wa kupanda, si wa kuvuna; anatakiwa anunue mbegu na angoje. Na juu ya yote hayo, muhula wa pili wa shule kwa kawaida huanza mwisho wa Aprili au Mei. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo, anamkuta baba naye amerudishwa nyumbani na kazi.

Wakati uohuo, ukipita kandokando ya bahari utaziona nyumba za kifahari zimefungwa, wenyewe wako Ulaya. Bustani zinamwagiliwa na taa zinawaka usiku kucha. Askari anayezilinda amepanga chumba kimoja na familia yake, na paa lake linavuja.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sipingi. Watu wengi wa Malindi wamejenga, wamesomesha na wamelea wazazi kwa fedha za wageni. Mwaka 2020, serikali iliposimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje mwezi wa Machi kwa ajili ya korona, hadi Agosti mosi, ndipo tulipoona jinsi pwani inavyougua mgeni asipokuja kabisa. Lakini taifa zima liliuita ule mwaka msiba. Mama wa mahamri anauona msiba mdogo wa namna hiyo kila mwaka, na hakuna anayeutangaza, nikiwemo mimi.

Simlaumu kila mwenye hoteli. Vyumba mia moja vyenye wageni sita ni hasara, na hasara haina huruma. Wala mkataba wa msimu si kosa kwa sheria. Lakini msimu huu si ajali. Unajulikana tarehe zake tangu enzi za majahazi. Jambo linalojulikana linaweza kupangiwa. Mwajiri na mfanyakazi wanaweza kukubaliana Desemba, fedha zinapoingia, sehemu ya ujira iwekwe katika chama cha akiba na mikopo ili itolewe Mei. Shule zinaweza kumruhusu mzazi wa hotelini alipe zaidi muhula wa kwanza, mfuko ukiwa na kitu. Na mfanyakazi aambiwe kwa maandishi, kabla hajavua sare, ataitwa tena tarehe ngapi au hataitwa. Anayejua hataitwa hutafuta njia nyingine. Anayeachwa kati hukaa akingoja simu, na deni linakua.

Nasi wenyeji wa nchi hii tuna letu la kufanya. Tunalalamika kwamba hoteli za pwani ni za wageni, lakini tunazikimbilia Desemba, bei zikiwa juu. Zile zisizofungwa wakati wa kusi hupunguza bei. Mvua ya Malindi hainyeshi kutwa nzima, na magofu ya Gede hayaendi likizo.

Kabla sijaondoka nililipa chai yangu, na chenji nikamwachia yule mama. Aliikataa. Akafungua daftari, akatafuta jina la kijana aliyekuwa ametoka punde, weita aliyesimamishwa tangu Pasaka, akapunguza deni lake kwa kiasi kilekile cha chenji yangu. Kisha akaniambia, "Desemba mkija na redio yenu, muulizeni na huyu."

Nimeahidi kumuuliza. Na Mei nitarudi tena.