Kijana Wako Anapobalehe, Zungumza Naye

Mzazi, mlezi, unayetusikiliza. Mwanao wa kiume sauti imeanza kukwaruza. Binti yako amevunja ungo. Siku hizi anajifungia chumbani, ukimuuliza anajibu kwa mkato. Usikimbilie kusema ana kiburi. Mwili wake unabadilika, na hisia zake nazo zinapanda na kushuka. Ana maswali, ila anaogopa. Asipokuuliza wewe, atamuuliza rafiki asiyejua zaidi yake.

Zungumza naye. Anza leo, mkiwa mnachambua mchele au mnakwenda dukani. Kuwekwa kitako humtia woga. Hedhi na ndoto nyevu si aibu, mweleze waziwazi. Na mvulana pia aelezwe, maana wengi tunawasahau. Akisema, msikilize mpaka amalize. Usimkatize, usimcheke.

Zungumza naye. Jambo likikuzidi, kokote uliko Tanzania, piga 116, Simu kwa Mtoto. Ni bure.