Taa za Diwali na Watoto Wadogo



Kila mwaka, mwezi wa Oktoba au Novemba, mvua za vuli zinapokaribia au zimekwisha kuanza, hufika usiku mmoja usio na mwezi ambao nyumba nyingi za Parklands na Westlands hung'aa kwa taa ndogo ndogo tangu langoni hadi madirishani. Huo ndio usiku wa Diwali, sikukuu kubwa ya Wahindu. Sheria ya Kenya yaitambua kuwa siku ya mapumziko kwa watu wa dini hiyo.

Wenye sikukuu hii si wageni wa jana. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli kati ya mwaka 1896 na 1901, na ijapokuwa wengi wao walirudi kwao, wengine walibaki. Wafanyabiashara nao walifungua maduka katikati ya mji, katika mtaa ambao leo huitwa Biashara Street. Mwaka 2017 Serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44.

Watoto husimuliwa habari za Rama, aliyekaa uhamishoni miaka 14, na watu wa Ayodhya wakawasha taa kumlaki aliporudi. Lakini hadithi peke yake haimtoshi mtoto wa miaka minne, hutaka kazi. Basi hupewa ufagio, kwa kuwa Lakshmi, mungu wa kike wa neema, husemwa kwamba huingia katika nyumba safi. Hupewa unga wa rangi wa kuchora maua mlangoni, na pamba ya kusokota tambi za taa. Mtoto asemaye Kiingereza shuleni na Kiswahili kwa yaya hujifunza Kigujarati cha bibi yake vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi kuliko akiketishwa afundishwe.

Hatari huja jioni. Mvua ikinyesha, taa za mafuta huondolewa ngazini na kuingizwa ndani, nazo huwekwa karibu na mapazia. Afadhali zibaki chache, juu ya sinia la chuma, mahali ambapo mkono mdogo haufiki. Mtoto avae pamba wala si nailoni, kwa maana nailoni huyeyuka ikagandamana na ngozi. Vile vijiti vya cheche, ambavyo wazazi wengi huviona kuwa mchezo tu, joto lake hupita digrii 1,000. Mtoto mchanga asibebwe na mtu aliyeshika kimoja, na vilivyokwisha kuwaka vitiwe katika ndoo ya maji. Fataki za kishindo hazina faida yoyote kwa watoto wadogo, na mbwa wa jirani huteseka bure.

Akiungua, jeraha lipitishiwe maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Lisipakwe siagi wala dawa ya meno. Kisha apelekwe kwa daktari.

Kabla ya chakula, watoto hutumwa na sahani za ladu, barafi na chevda kwa majirani na kwa bawabu. Jirani asiyejua desturi hii huenda akadhani anauziwa. Haombwi fedha; hupokea, akashukuru, na kuwatakia watoto heri ya sikukuu.