Siku ya Mwisho Mlimani

Wasikilizaji wetu, wengi hudhani kwamba safari ya Kilimanjaro imekwisha mtu akifika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Sivyo. Iko siku ya kushuka kutoka kambi ya Horombo, mita 3,720, hadi lango la Marangu, mwendo wa karibu kilomita 20.

Sisi tulishuka pamoja na baba yetu. Wakati wa kupanda ndiye aliyetuhimiza twende polepole, maana hewa ya juu ni haba. Katika kushuka kifua hupata nafuu, lakini magoti ya mzee huumia kila hatua, na vidole vya miguu husukumwa mbele ndani ya viatu. (Yafaa kucha zikatwe kabla ya safari.) Msituni, chini ya Mandara, mizizi ilikuwa imelowa, yateleza. Tulitaka kumshika mkono, akakataa katakata. Basi mmoja wetu akatangulia hatua moja mbele yake, asiseme neno. Naye mzee akamwekea mkono begani, akijifanya anatazama mbega juu ya miti.

Langoni aliandika jina lake daftarini kwa herufi kubwa, kisha akauliza mtori wapatikana wapi.