Kware na Mana

Somo: Hesabu 11:4–9 na 31–34

Twasema nanyi kutoka Keringet, katika nchi ya juu ya Kuresoi, kwenye barabara itokayo Molo kwenda Olenguruone. Asubuhi za huku ni za baridi, na kabla jua halijachomoza utakutana na watu njiani wakipeleka maziwa, na wengine wakienda kuchimba viazi. Ni kazi za kila siku. Hakuna mtu asimamaye kushangilia gunia la viazi au mkebe wa maziwa. Leo twataka kusema juu ya vitu vya namna hiyo, na jinsi moyo wa mtu uwezavyo kuvichoka.

Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, chatupa habari za wana wa Israeli jangwani. Kila siku walipata mana. Waliiokota, wakaisaga, wakaipika chunguni, wakafanya mikate. Iliwatosha. Lakini kati yao palikuwa na watu walioshikwa na tamaa ya vitu vingine, na tamaa hiyo ikaenea kambi nzima, hata kila mtu akawa analia mlangoni pa hema yake. Walikumbuka samaki wa Misri, na matango, na vitunguu. Fimbo ya msimamizi hawakuikumbuka. Ndipo upepo ukaleta kware kutoka upande wa bahari. Watu wakakusanya mchana kutwa, usiku kucha, na kesho yake tena. Mwisho wake mwaujua. Mahali pale paliitwa Kibroth-hataava, maana yake makaburi ya tamaa.

Sura hiyo tulikuwa tumeihubiri mara nyingi. Hatukudhani kwamba kware wangefika mpaka Keringet.

Wengi wenu mwakumbuka mwaka 2013. Nchi yetu ya Kenya ilijaa habari za kware. Ilisemekana kwamba yai lake latibu shinikizo la damu, latibu kisukari, latibu karibu kila ugonjwa. Yai moja dogo likauzwa shilingi 50 na hata zaidi, hali yai la kuku lilikuwa kama shilingi 10. Watu wakatafuta leseni za Shirika la Wanyamapori, kwa kuwa kware huhesabiwa kuwa ndege wa porini. Watumishi wa ofisi, walimu, wakulima, hata sisi wahubiri, tulizungumza habari za kware tukitoka ibadani.

Katika ushirika wetu palikuwa na kijana mmoja mwenye mke na watoto watatu. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyolipa karo. Kijana huyu alimwuza ng'ombe. Akajenga vizimba vya waya, akanunua ndege, akanunua na mashine ya kuangulia mayai. Kisha akatualika tuje kuomba.

Twakiri mbele yenu, wasikilizaji, kwamba tulikwenda. Tulivibariki vile vizimba kwa maombi marefu. Hatukumwuliza swali hata moja. Hatukumwuliza ni nani atakayekula mayai yale, wala watoto watakunywa nini kesho. Na tuliporudi nyumbani tulikuwa na wazo letu wenyewe: kwamba fedha zilizokuwa zimechangwa kwa ajili ya mabati ya kanisa zingeweza kuzaa haraka kama nasi tungenunua kware.

Tulilipeleka wazo hilo mbele ya halmashauri ya parishi. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Ndipo akasimama bibi mmoja mzee wa Umoja wa Akina Mama, ambaye hapa kwetu kila mtu humwita kogo, yaani nyanya. Akasema, "Mchungaji, mimi sikusoma. Lakini tangu habari hii ianze nimekutana na watu wengi wanaouza kware. Bado sijakutana na mtu aliyekula mmoja."

Watu walicheka. Nasi tulicheka, ila swali lake lilitusumbua, na fedha za mabati zikabaki benki. Hatuwezi kujisifu kwa hilo. Tuliokolewa na aibu tu.

Yule kijana hakuokolewa. Vifaranga wa kware wanahitaji joto, na usiku wa Keringet hauna joto. Alikesha na jiko la makaa, akiamka kila saa kuongeza moto, na bado asubuhi aliokota waliokufa. Waliobaki walitaga. Lakini mwaka 2014 soko likaanguka. Mayai yaliyokuwa dhahabu yakakosa mtu wa kuyachukua hata kwa shilingi chache.

Baadaye ndipo tulipoelewa sababu. Waliopata faida mwanzoni hawakuipata sana kwa watu wa kula mayai. Waliuza ndege na mayai ya kuangulia kwa watu wengine waliotaka kuanza kufuga. Maadamu wageni walizidi kuingia, bei ilipanda. Kila mtu alipokwisha kuwa mfugaji, mnunuzi hakuwako. Kogo alikuwa ameliona jambo hilo bila kalamu wala karatasi.

Shule zilipofunguliwa, mtoto wa kwanza wa yule kijana alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Na sisi tulifanya nini? Tulianza kupita njia ya chini tuendapo kanisani, ili tusipite mbele ya nyumba yake. Tulikuwa wepesi kuombea vizimba vilipokuwa vipya, tukawa wazito kuvitazama vilipokuwa vitupu.

Aliyekwenda ni kogo. Alikwenda na ndama jike mkubwa aliyekaribia kuzaa, akimwongoza kwa kamba. Mwajua kwamba Wakipsigis wana desturi ya tangu zamani: mtu humkabidhi mwenzake ng'ombe amtunze na kunywa maziwa yake, na ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Kogo alimfunga yule mtamba uani, akasema, "Akizaa, watoto wanywe." Kijana akalia. Akamwambia, "Kogo, wewe ulikuwa na hekima, mimi sikuwa nayo." Naye akamjibu, "Si hekima, mwanangu. Mimi nilikuwa na ng'ombe tu."

Wapendwa, tumelitafakari neno hilo kwa miaka mingi. Mara nyingi tumehubiri kwamba kuishi kwa kiasi ni kujinyima: usinunue hiki, usivae kile. Lakini kogo alikuwa na cha kumpa jirani siku ya shida kwa sababu hakukitupa alichopewa alipoona watu wote wanakimbilia kingine. Kuridhika kwake kulikuwa akiba ya mtu mwingine. Paulo anawaagiza Waefeso, katika sura ya 4, mstari wa 28, wafanye kazi njema kwa mikono yao wapate cha kumpa aliyepungukiwa. Na katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 6, anafundisha kwamba mtu amchaye Mungu na kuridhika na alicho nacho amepata faida ya kweli.

Hapo twawakumbuka na ndugu zetu wa Uamsho, ule ulioenea kutoka Gahini katika Rwanda, na kutoka Uganda, katika miaka ya 1930, na ambao ujumbe wake ulihubiriwa Kabete mwaka 1937. Walijulikana kwa mambo yaliyoonekana kwa macho. Mtu aliyeokoka alirudisha alichoiba, alilipa deni lake, alisema kweli mbele ya wenzake. Tena twajua kwamba baadhi yao, nyakati nyingine, walianza kupima wokovu wa mtu kwa nguo na mapambo. Hapo ndipo hata maisha ya kiasi yaweza kugeuka kuwa mtindo, na mtu akajivunia koti kuukuu kama mwingine ajivuniavyo koti jipya. Bwana haangalii koti. Aangalia ni nani atawalaye moyo ulio ndani yake.

Basi hatusemi kwamba kila kitu kipya ni kibaya. Mbegu mpya ya viazi izaayo vizuri ni baraka. Simu itumayo karo kwa dakika moja ni msaada mkubwa. Lakini simu hiyo hiyo yatuletea mkopo ambao hatukuuhitaji, na kamari ya mpira inayomaliza mshahara kabla ya Jumapili. Twaona arusi za siku moja zinazoacha deni la miaka mitatu, kwa kuwa arusi ya jirani ilikuwa na hema kubwa. Twaona na makanisa yakinunua vipaza sauti vikubwa kwa sababu kanisa la ng'ambo ya barabara linavyo, hali wajane wa kanisa hilo wanavujiwa na mvua.

Ndugu msikilizaji, habari mpya itakapokufikia, na itakufikia, jiulize mambo matatu kabla hujafungua mkono. Kwanza, je, kitu hiki kina kazi ya kweli, au nakitaka kwa kuwa wengine wanakitaka? Pili, ni nini nitakachoachilia ili nikipate, na ni nani anayekula kwa hicho nitakachoachilia? Tatu, nikikipata, je, nitabaki na cha kumpa mwenzangu, au nitabaki na deni? Kama hujui la kujibu, mtafute mtu mzima mwenye kumcha Bwana umwulize. Usimtafute yule anayekuuzia.

Nanyi wachungaji wenzetu, tukialikwa kubariki kitu, tuwe na ujasiri wa kuuliza kabla ya kuomba. Maombi yasiyouliza chochote yaweza kuwa njia ya kumfurahisha mtu tu, naye akaenda kwenye hasara akiamini ya kuwa Mungu amemtuma. Na hasara ikija, tusipite njia ya chini.

Yule mtamba alizaa. Watoto walikunywa, na yule aliyerudishwa nyumbani alirudi darasani. Baba yao leo ana ng'ombe wake mwenyewe, na vizimba vile vya waya anawekea kuku wachache wa nyumbani. Kogo amekwisha kulala katika Bwana. Siku ya maziko yake yule kijana alisimama, akasema maneno machache tu: kwamba alimjua mtu mmoja aliyeitosheka mana.

Na tuombe. Ee Bwana, utupaye riziki ya kila siku, utusamehe kwa kuichoka. Utusamehe sisi tuliobariki tamaa za watu na kuwakimbia katika majuto yao. Utufundishe kushika kwa uaminifu yale uliyotutilia mikononi, ili jirani akija na shida atukute tuna kitu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.