Kabla ya Kuongeza Chumba, Uliza Maji Yatapita Wapi

[Muziki wa kipindi. Unashuka polepole.]

 

Leo tunaongea juu ya chumba cha kuongeza. Mlipofika kambini mlikuwa wawili na mtoto mgongoni. Sasa watoto ni watano, binti mkubwa ana miaka 13, na wote mnalala chumba kimoja, pazia katikati. Unataka chumba, na una sababu. Lakini nimeona vyumba vilivyoanza kwa furaha vikaishia kwa kilio. Cha kwanza nilikiona kwetu.

Kabla ya kuja kambini nilikulia Ngagara, kule Bujumbura. Ngagara ilijengwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, na ofisi ya makazi iliyoitwa OCAF. Nyumba zilikuwa ndogo, lakini kila moja ilipimiwa kiwanja chake, na nafasi ya hewa na maji iliachwa. Familia zikakua, wapangaji wakaja, na watu wakajaza nyua kwa aneksi. Nyumba moja nyuma ya nyingine.

Sisi tulipanga aneksi ya matofali ya rukarakara. Mwenye nyumba akataka kuongeza nyingine. Akajenga kuta tatu tu, ya nne ikawa ukuta wetu. Ilionekana ni akili, maana aliokoa matofali. Lakini paa jipya lilimwaga maji yake yote chini ya ukuta ule. Mama akawa anasema, “Ukuta huu unatoka jasho.” Hakuna aliyemsikiliza. Usiku mmoja wa Aprili, mvua ikinyesha, ukuta ulikaa chini kama mtu aliyechoka. Mdogo wangu alivunjika mguu. Alipona, lakini mpaka leo mvua ikianza usiku anaamka na kwenda kukaa mlangoni.

[Kimya kifupi.]

Tofali la udongo halina adui mkubwa kuliko maji. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua kubwa ilipiga kaskazini mwa Bujumbura, Kamenge na Kinama, jirani na Ngagara. Watu zaidi ya 60 walikufa na mamia ya nyumba zikabomoka. Mvua kama ile huwezi kuizuia. Lakini maji ya paa lako mwenyewe unaweza kuyaongoza.

Kwa hiyo, jambo la kwanza si kukanyaga udongo. Subiri siku ya mvua, simama nje, uangalie maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Yakipita pale unapotaka chumba, tafuta upande mwingine, au chimba mtaro kwanza. Na mtaro usiishie mlangoni kwa jirani.

La pili, ruhusa. Nenda kwa kiongozi wa mtaa wako na kwa uongozi wa kambi kabla ya kujenga. Chumba kilichofunga njia kinaweza kubomolewa, na jasho lako halirudi. Mashirika mengi ya misaada hufuata kanuni za kitabu kiitwacho Sphere. Kinasema nyumba na nyumba ziachane angalau mita 2, ili moto usiruke. Ukiijaza nafasi ile, unaweka hatarini watoto wako na wa jirani.

La tatu, pima. Kitabu hicho hicho kinasema kila mtu apate angalau mita za mraba 3 na nusu ndani ya nyumba. Familia ya watu 6 inahitaji 21. Pima ulicho nacho, ujue kinachopungua. Halafu piga mambo, funga kamba, tandika mkeka ndani ya kamba zile. Mtu analala? Mlango unafunguka? Kamba unaihamisha bure, ukuta hauhami.

La nne, fedha. Wengi tunahesabu kutoka chini: matofali, fundi, mlango. Tukifika juu, mfuko umekwisha. Kuta zinabaki wazi, mvua inakuja, inazila. Hesabu kutoka juu ushuke: mabati na misumari, miti ya paa, mlango, halafu matofali. Kama fedha ya paa haijapatikana, usisimamishe ukuta. Na fundi mlipe kwa hatua, msingi, kuta, paa, mbele ya shahidi. Usimpe zote siku ya kwanza, hata akiwa shemeji yako.

La tano, wakati. Huku Burundi kiangazi ni Juni mpaka Agosti. Fyatua matofali mwanzoni, yageuze, yape wiki 3 au 4 yakauke mpaka ndani. Vunja moja: ukiona katikati pana rangi ya unyevu, ngoja. Na tafadhali, udongo usiuchimbe kando ya nyumba. Lile shimo litajaa maji, litalea mbu, na mtoto anaweza kuzama humo. Likichimbwa, lifukieni.

La sita, pale nyumba mpya inapokutana na ya zamani. Hapo ndipo kosa la Ngagara lilipokaa. Chumba kipya kiwe na kuta zake nne na msingi wake wa mawe, ulioinuka juu ya ardhi ili matone yasirukie matofali. Paa limwage maji mbali na nyumba ya zamani, na bati litokeze nje ya ukuta kama nusu mita. Ukitaka kutoboa mlango kwenye ukuta wa zamani, usitoboe karibu na kona, na weka mti imara wa kubeba matofali ya juu kabla hujapanua tundu. Usisahau dirisha. Chumba kisicho na hewa kinaleta kikohozi.

Wapo mafundi hapa kambini wanaonizidi mbali. Mimi ni mtoto wenu tu, niliyeona ukuta ukianguka. Waiteni, waulizeni, wakague. Na mama akisema ukuta unatoka jasho, msikilizeni siku hiyo hiyo. Ondoeni watoto upande ule, halafu ndipo mtafute maji yanatoka wapi.

Kwa leo naishia hapo. Jioni, kabla ya kulala, mzee wa nyumba na mama wa nyumba, zungukeni nyumba yenu mara moja. Shikeni ukuta chini kabisa, kwa kiganja. Ukiwa mkavu, mshukuru Mungu. Ukiwa na unyevu, kazi ya kesho mmeshaijua.

Mbaki salama.

[Muziki wa kipindi unapanda, kisha mwisho.]