Kuhama Chawia: Hesabu ya Mlimani na Hesabu ya Nyika



Mada niliyopewa inagusa karibu kila nyumba ya hapa: je, familia ya Chawia, hapa milima ya Taita, ishuke Mwatate, Voi au Taveta, pengine ifike hadi Mombasa, au ibaki kwenye mashamba yake ya mteremkoni? Nitatoa msimamo wangu mapema ili mjue mnamsikiliza nani. Kuhama sikupingi. Ninachopinga ni kuuza shamba la mlimani ili kulipia safari ya kuhama. Hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa hapa kwetu hufanywa siku moja, mbele ya dalali mmoja.

Tukumbuke kwanza kwamba wazee wetu hawakuwa watu wa mlima peke yake. Familia ya Kidawida, yaani ya Kitaita, ilitafuta kuwa na vipande vya ardhi katika miinuko mbalimbali: juu ndizi, maharagwe na viazi, chini nyikani mtama, mbaazi na malisho. Mvua ikikosa huku, kule huenda imenyesha. Mpango huo ulivunjwa kidogo kidogo. Mashamba makubwa ya mkonge yalichukua ardhi ya chini Mwatate na Voi, walowezi wakapata ya kahawa kule Wundanyi, kisha mwaka 1948 ikaja mbuga ya Tsavo, ambayo pamoja na sehemu zake zote inashika zaidi ya nusu ya eneo la kaunti hii. Nyika ikafungwa, watu wakarudishwa kubanana mlimani, na kila baba aliyegawia wanawe aligawa kile kile alichogawiwa. Ukitaka kuona matokeo, tazama msitu wetu. Katika milima ya Taita yote, karibu nusu ya msitu wa asili uliokuwapo mwaka 1955 ilikuwa imeshatoweka ilipofika 2004, na huu wa Chawia haufiki hata hekta 100. Kwa hiyo kijana anayesema ardhi haitoshi hasemi uvivu. Anasema kweli.

Yako pia ya watu wa mlima Kasigau, ambayo hayafai kuachwa nje ya mazungumzo haya. Mwaka 1915, vita vya Waingereza na Wajerumani vilipofika mpakani mwetu, Waingereza waliwatuhumu Wakasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawang'oa wote na kuwapeleka Malindi. Wengi walikufa huko kwa njaa na maradhi. Walioruhusiwa kurudi walirudi katika miaka ya 1930, karibu kizazi kizima baadaye. Wao walihamishwa kwa nguvu, sisi tunazungumzia kuhama kwa hiari, na sitaki kuchanganya mawili hayo. Lakini walipopata ruhusa, mlima wao ulikuwapo bado, na walijua ni wao. Anayeuza hana ruhusa ya kungoja.

Sasa tushuke Voi. Faida zake ziko wazi na sioni haya kuzitaja. Hospitali ya rufaa ya Moi iko pale. Barabara kuu ya Nairobi na Mombasa inapita pale, na Mombasa ni kama kilomita 160 tu. Barabara ya Taveta imetiwa lami, kwa hiyo mfanyabiashara anaweza kuchukua ndizi na nyanya Taveta asubuhi na kuziuza Voi siku hiyo hiyo. Kujenga ni rahisi zaidi, maana mchanga na mawe hushushwa na lori mlangoni. Hapa Chawia gharama ya kubebea saruji kutoka barabarani hadi kiwanjani inaweza kumfanya mtu akate tamaa kabla ya msingi. Kijana mwenye ufundi wa umeme au wa pikipiki atapata wateja. Mwalimu au muuguzi atapata nyumba ya kukodi karibu na kazi.

Lakini mji huo uliota pembeni mwa reli, na mpaka leo hufuata usafiri. Reli mpya ya SGR ilipofunguliwa mwaka 2017 na makontena mengi kuhamia kwenye treni, wenye hoteli na gereji waliotegemea madereva wa malori walilia. Kwa hiyo anayeshuka kwenda kufungua kibanda cha chakula asihesabu tu wateja aliowaona siku ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Kwa mkulima hesabu ni kali zaidi. Voi hupata wastani wa milimita 550 hivi za mvua kwa mwaka. Vilele vyetu hupata zaidi ya mara mbili ya hizo. Tena kule chini mvua ya kutegemewa ni ya vuli, Novemba na Desemba, na masika huja yakipenda. Mtu wa Chawia aliyezoea kupanda mahindi kwa ukungu na umande akishuka na mbegu ile ile atavuna mabua. Kule ni pojo, kunde na mtama, na hata hivyo shamba la pojo lililokubali linaweza kumalizwa na ndovu usiku mmoja. Wasagalla wa pale karibu na Voi wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki, kwa sababu ndovu huogopa nyuki, na njia hiyo imesaidia kweli, lakini mizinga inataka utunzaji na wakati wa kiangazi nyuki huhama. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Kiasi hicho kimewekwa kwa sababu vifo hivyo hutokea.

Na maji? Bomba la kutoka chemchemi za Mzima linalokwenda Mombasa linapita nchi yetu, na bado mitaa ya Voi hukaa siku kadhaa bila tone. Hapa ndipo ningependa akina baba wasikilize kwa makini. Uamuzi wa kuhama kwa kawaida hutolewa na mwanamume, halafu hesabu ya maji humwangukia mke na mabinti. Hapa chemchemi ni mwendo mfupi, ingawa ni mlima. Kule atanunua mtungi wa lita 20, na bei hupanda jua linapokuwa kali. Kabla ya kulipia ploti, mpeleke mama wa nyumba akakae wiki kadhaa kwa jamaa mwezi wa Septemba, si Desemba nyika inapokuwa kijani. Atakachosema akirudi kina uzito kuliko maneno ya dalali. Akumbuke pia kubeba neti, maana malaria ya nyikani si ya huku kwetu juu.

Kuhusu ploti zenyewe, wengi walioshuka zamani walijenga kwenye ardhi isiyokuwa yao, ya reli au ya mashamba ya mkonge, na wakaishi kwa hofu ya kubomolewa. Mtaa wa Tanzania-Bondeni pale Voi ulipata dawa yake mwanzoni mwa miaka ya 1990: wakazi walishika ardhi kwa pamoja kupitia amana ya jamii, kila mtu akimiliki nyumba yake bila kuweza kuuza kiwanja. Kusudi lilikuwa maskini asishawishiwe na fedha za haraka akarudi kuwa skwota. Kwangu mimi walikuwa wametutangulia kufikiri. Ajabu ni kwamba sisi wenye hatimiliki tunafanya kinyume.

Najua hoja itakayokuja baada ya chai: ukiacha shamba bila mtu, jirani husogeza mpaka. Ni kweli, na sheria yenyewe inampa nguvu aliyeikalia ardhi ya mwenzake waziwazi kwa miaka 12 bila kuzuiwa. Ndiyo sababu nasema mtu asihame kimya. Shamba likodishwe kwa maandishi, hata kwa bei ndogo, au aachiwe ndugu kwa barua iliyoshuhudiwa na chifu, na bikoni zikaguliwe kila mwaka. Bibi aliyebaki mlimani asigeuzwe mlinzi wa bure. Apate sehemu ya mavuno. Kwetu, mafuvu ya wazee yaliwekwa katika mapango ya mawe ili ukoo usisahau unatoka wapi, na hata aliyeokoka akaacha hayo hataki kuambiwa kaburi la babake liko kwenye shamba la mgeni.

Jambo dogo ambalo huwashangaza wazazi: Voi ni eneo bunge jingine. Basari ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge letu la Mwatate, uliyokuwa ukiomba itakuwa na maswali, na kule Voi utaanza kama mgeni. Mwenye mtoto wa kidato cha tatu afikirie kungoja amalize.

Na kama mtu ameshaamua kuuza, hata baada ya yote haya? Mkataba wa kuuza shamba usioombewa kibali cha bodi ya ardhi ndani ya miezi 6 huwa batili, na mwenzi wa ndoa lazima akubali pale nyumba ya familia inapohusika. Fedha mkononi kabla ya hatua hizo ni mwanzo wa kesi.

Lakini ombi langu kwenu ni la mapema kuliko hapo. Hatimiliki nyingi za mlima huu bado zina jina la babu aliyefariki zamani. Ardhi hiyo haiuziki kihalali, haigawanyiki kihalali, wala haiwezi kuwekwa dhamana ya mkopo. Ukitoka hapa leo, kabla ya kuuliza bei ya ploti Voi, nenda ofisi ya ardhi ukafanye sachi ujue jina lililoandikwa ni la nani, kisha umwone chifu kwa barua ya kuanza mirathi.