Afya ya mama: ukavu ukeni baada ya hedhi kukoma

(Muziki wa kipindi unaanza, unashuka. Mtangazaji anasoma.)



Leo naomba ruhusa kwanza. Mimi ni binti yenu, na kwa desturi msichana wa umri wangu hasemi mambo haya mbele ya wakubwa. Lakini mama mmoja alinikuta kwenye foleni ya maji, akaniambia: "Binti yangu, kila siku mnatufundisha malaria na kipindupindu. Sisi tuliokauka, nani atasema juu yetu?" Basi mama, leo tunasema juu yenu. Na ninyi baba zetu, msizime redio. Neno hili ni lenu pia.

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Wakati huo mwili unapunguza sana homoni inayoitwa estrojeni. Homoni hiyo ndiyo iliyokuwa inafanya ngozi ya ndani ya uke iwe nene, laini na yenye maji. Ikipungua, ngozi inakuwa nyembamba na kavu. Mama anasikia kuwashwa, kuchomeka, na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Mkojo unaweza kuchoma, na maambukizi ya njia ya mkojo yanarudi mara kwa mara. Ukavu unaweza kumpata pia mama anayenyonyesha, au aliyetibiwa saratani.

Katika nchi zetu hizi za Maziwa Makuu, maji ya mwanamke yanasifiwa sana. Ndiyo sababu aliyekauka anaona haya, na bwana anaanza kusema, "Hunipendi tena," au "Uko na mwingine." Baba, tafadhali sikia: si hivyo. Hajarogwa, wala mapenzi hayajaisha. Ni mwili, kama vile mvi.

Wengine wanasema, "Nitavumilia, itapita." Ile joto ya ghafla ya umri huu, kwa wengi hupungua na miaka. Ukavu haupiti hivyo. Usipotunzwa, mara nyingi unazidi.

Je, kuna msaada usio na homoni? Upo, na ni wa aina mbili. Msivichanganye.

Ya kwanza ni kilainishi. Hiki hutumika wakati wa tendo la ndoa tu, kupunguza msuguano. Kazi yake inaishia hapo.

Ya pili ni jeli ya kurudisha unyevu ukeni. Hii inashika kwenye ngozi ya ndani na kutunza maji siku mbili tatu. Hutumika mara 2 au 3 kwa wiki, uwe na bwana au uwe mjane. Osha mikono, itie usiku kabla ya kulala. Kwenye famasi za hapa Burundi maandishi mengi ni ya Kifaransa: ulizia "gel hydratant vaginal". Chagua isiyo na manukato wala ya kuleta joto. Soma tarehe ya mwisho. Na kifaa cha kutilia usiazimane na jirani.

Hapa ndipo mama wengi wanapoacha njia. Mmoja aliniambia: "Niliitumia wiki mbili, sikuona kitu, nikaacha." Mama, wiki mbili ni chache. Jipe hadi wiki 12 ndipo uamue. Mwingine alipata nafuu, akaacha, ukavu ukarudi, akasema dawa ni ya uongo. Si uongo. Fikirini kiangazi chetu, mwezi wa sita hadi wa nane, miguu inapopasuka. Nani anapaka mafuta siku moja, akasema nimemaliza? Jeli hii nayo haiponyeshi mara moja, inatunza. Kwa kuwa haina homoni, unaweza kuitumia miezi na hata miaka, mradi haikuchomi. Ikizidi kukuchoma, acha, uliza muuguzi akubadilishie.

Sasa vitu vya kuacha. Usijioshe ndani kwa sabuni, ndimu, siki, chumvi wala majani. Vyote vinazidisha ukavu. Mafuta ya mawese na vazelini msitie ndani. Tena mafuta yanapasua kondomu, na uke mkavu unachanika upesi, hapo virusi vya Ukimwi vinapata njia rahisi. Kwenye kondomu tumia kilainishi cha maji. Kama huna hela ya jeli, vazelini kidogo isiyo na manukato paka kwenye ngozi ya nje tu, mkojo usikuchome. Kisha uliza kituo cha afya kama wanacho kilainishi cha maji.

Nenda kwa muganga bila kuchelewa ukiona damu baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi, hata tone moja. Inaweza kuwa dalili ya saratani. Nenda pia ukiona uchafu wenye harufu mbaya, kidonda au uvimbe. Na kama jeli haikusaidii, muganga anaweza kukupa dawa ya estrojeni ya kutia ukeni. Kama uliwahi kuugua saratani ya titi, mwambie kwanza.

Ukiona haya kusema mbele ya watu, omba muuguzi mwanamke, useme maneno mawili tu: "Nimekauka, naumia." Yanatosha kuanza.

Na yule mama wa kwenye foleni ya maji, asante kwa kuniuliza. Mwambie na jirani yako.

Mubaki na amani.

(Muziki unapanda.)